Mashine Mbili na Jumapili ya Boti

Mbinga, 14 Januari 2025

Shangazi yangu Biubwa,

Shikamoo. Assalamu alaykum wewe na wote waliomo nyumbani, mwanao Saida na mumewe Abdulazizi, na hata yule jogoo wenu anayewika saa zisizo zake. Mimi ni mzima. Baridi ya huku inaniandama. Asubuhi ukungu unashuka mpaka kwenye mibuni, mtu unasikia salamu yake kabla hujamwona. Mama mwenye nyumba wangu, Mama Theodosia, ananiita mtoto wa ziwani kila akiniona nimevaa makoti mawili.

Umenikataza kumwaga habari za nyumbani kwenye simu, maana simu yako hupokelewa na kila anayesimama kaunta. Basi naandika kama nilivyokuwa nikikuandikia toka bweni. Cleopa, konda wa basi la Kosta, ameahidi kukufikishia.

Ulimwuliza Saida kazi yangu hapa hospitali ni ipi hasa, naye akakujibu kwamba natengeneza redio. Nitamnyoosha nikija. Kazi yangu ni kutunza mashine mbili zinazohifadhi habari za wagonjwa, tunaziita seva. Moja iko hapa Mbinga. Nyingine iko huko kwenu Mbamba Bay, ndani ya kituo cha afya, kile chumba chenye feni ambacho mlinzi hataki mtu asimame mlangoni. Moja ndiyo kubwa, inapokea kila kinachoandikwa. Ya pili inanakili palepale. Muda wote zinapigiana hodi. Kubwa ikinyamaza, ndogo inaihesabu imekufa na kushika nafasi yake, ili hata umeme ukikatika huku milimani, nesi wa ziwani asikwame.

Sasa hospitali imebadilisha kampuni inayotuletea intaneti, kwa hiyo lazima nizibadilishie mashine anwani zake za mtandao, moja baada ya nyingine, huku zinafanya kazi. Kuzima zote hairuhusiwi. Mkuu wangu, Bwana Methodi, amesema nifanye Jumapili ya tarehe 26, saa za Misa, kwani Mbinga nzima itakuwa kanisani na mimi sina pa kwenda. Ndiyo cheo changu cha Uislamu hapa ofisini, kila kazi ya Jumapili ni yangu.

Linalonikera ni moja. Kulikuwa na kifaa kidogo cha tatu, tulikiweka zahanati ya Tingi, kazi yake ni ushahidi tu. Mashine mbili zikipotezana, huyo shahidi ndiye anayeamua ipi ishike ukubwa na ipi ikae pembeni. Methodi alikihamishia mapokezi hapa hospitali, kishike nafasi ya kompyuta ya pale iliyoharibika. Nimemwomba tusubiri kingine. Amecheka, anasema mashine zake zimekaa pamoja miaka yote bila kugombana. Niombee, Shangazi, roho yangu haijatulia.

Ni mimi mwanao,
Thabiti

*

Mbamba Bay, 30 Januari 2025

Mwanangu Thabiti,

Marahaba, na waalaykum salaam. Barua yako imenifikia ikinuka dagaa, maana Cleopa aliitia kwenye kapu la usipa la abiria akaisahau humo. Nilimsema mpaka akajinunulia soda dukani kwangu kwa aibu, akaninunulia na mimi.

Sisi hatujambo. Mvua zinatupiga, ziwa limechafuka rangi ya chai ya maziwa. Abdulazizi yuko Liuli anakusanya usipa, akirudi nitamwambia umemsalimu. Paa la duka nimeliziba upande wa unga. Upande wa sabuni acha ivuje, sabuni haiozi.

Hizo mashine zako nimezielewa vizuri sana. Ni wake wenza. Mkubwa akikaa kimya, mdogo anahamia chumba kikubwa. Na huyo Methodi wenu hana akili, unawaachaje wake wenza wawili bila mtu mzima wa kuamua? Mwambie nimesema mimi.

Jumapili hiyohiyo ya kazi yako na sisi tulikuwa kituo cha afya. Saida aliamka na homa, nikamfunga kanga tukaenda. Boti lilikuwa limeshusha watu wa vijijini, benchi zote zimejaa kama Jumapili zote. Jirani yetu Sumaiya alikuwepo na kichwa chake kinachogonga, tukapiga soga. Nesi Dafrosa alimhudumia Saida kwa moyo, akakaa naye muda mrefu mno, Mungu amlipe. Halafu akaandika kila kitu kwenye kompyuta huku mikono inamtetemeka kwa uchovu. Nikasema moyoni, haya ni matunda ya mwanangu, maana zamani wangeandika kwenye kadi ikaliwa na panya.

Ilikuwa homa tu. Amepona, anakula kuliko mimi.

Niambie kazi yako ilikwendaje. Hukuandika tena, na ukinyamaza mimi silali.

Shangazi yako,
Biubwa

*

Mbinga, 9 Februari 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nafurahi Saida amepona. Huku mvua zimeporomosha kingo za ngoro za Mama Theodosia, yale mashimo ya kulimia ya mteremkoni, na wanawe wote wako shambani wanatengeneza upya. Mimi nilitaka kusaidia, wakanipa kiti na mahindi ya kuchoma.

Kazi ya Jumapili ilikwenda vizuri. Yaani, ilikwenda. Nilianza na mashine ya hapa Mbinga, nikaipa anwani mpya, ikapokea. Lakini ile ya kwenu ilikuwa bado inapiga hodi kwenye anwani ya zamani. Haikujibiwa, ikaona mwenzake amekufa, ikajipa ukubwa. Ya huku nayo ilikuwa haijaambiwa ishuke, ikaendelea na ukubwa wake. Kwa saa kadhaa wakubwa wakawa wawili, kila mmoja anaandika ya kwake na kuamini yuko peke yake duniani. Nilikuja kugundua watu walipoanza kutoka Misa ya pili. Nimeziunganisha, sasa zinaelewana kabisa, usiwe na wasiwasi.

Kuna jambo dogo tu nataka kukuuliza. Umesema kituo kilijaa. Nililisahau boti la Jumapili, Shangazi. Mtoto niliyekulia mgongoni kwako nikilisubiri boti hilohilo lilete watu na miwa, nimekaa na Methodi kwenye meza nikakubali kwa kinywa changu kwamba Jumapili hakuna mgonjwa popote. Watu wa milimani wana haki ya kutojua. Mimi sina. Niliposoma barua yako nilitoka nje nikasimama kwenye mvua.

Sasa niambie: Saida alitibiwa nini hasa? Dafrosa alimpa dawa gani? Alipewa karatasi yoyote, au aliandika kwenye mashine peke yake?

Nijibu mapema.

Thabiti

*

Mbamba Bay, 20 Februari 2025

Mwanangu,

Marahaba. Tu wazima wote. Mwezi wa Ramadhani unakaribia, nimeanza kuweka tende pembeni kabla wanunuzi hawajazimaliza.

Tangu lini wewe ukawa unauliza maradhi ya wanawake? Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akisikia tunazungumza hayo anachukua kiti chake anahama. Nimekwambia homa. Amepona. Saida mwenyewe hana neno, anashinda ndani kwa sababu ya jua, na mimi ndiye nimemwambia ashinde ndani. Yaliyobaki ni ya nyumbani humu, hayahitaji kupanda mlima.

Karatasi hatukupewa. Dafrosa alisema siku hizi kila kitu kimo kwenye mashine. Na usimtafute Dafrosa, amehamishwa, wanasema Tunduru ndani huko, nesi mgeni ni msichana mpole lakini hatujui bado.

Nami nikuulize. Kinachoandikwa hapa Mbamba Bay, daktari wa hapo kwenu Mbinga anakiona? Hata kama ni cha siku nyingi? Nijibu hilo tu kwa neno moja, usinieleze habari za hodi.

Idi usije. Najua uliahidi, lakini Idi hii tulia huko ulipo, tutakula pamoja siku nyingine. Usiniulize kwa nini. Na mbona wewe unauliza habari za dawa kama polisi? Kuna nini?

Shangazi yako

*

Mbinga, 8 Machi 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo, na Ramadhani kareem. Barua yako ilikaa kwa Cleopa siku nyingi, alikuwa harusini huku kijijini Ruanda akasahau begi. Nafuturu peke yangu, ila Mama Theodosia huniletea uji ingawa yeye yuko kwenye Kwaresima yake. Tunacheka kwamba nyumba nzima ina njaa.

Hakuna kitu. Niliuliza tu kama kaka.

Umetaka neno moja. Ndiyo. Kinachoandikwa kwenu kinaonekana hapa. Mashine zimetengenezwa hivyo.

Nilizungumza na Methodi. Nilimwambia kuna jambo la Jumapili ile ambalo nadhani watu wa ziwani wanapaswa kuelezwa. Alifunga mlango. Alisema wakaguzi wa mfumo wanakuja mwezi wa tano, na neno likitoka kwamba mashine zetu ziligawanyika tutanyang'anywa zote mbili, na lawama zitapewa mtu mmoja, na mtu huyo haitwi Methodi. Kisha akaniuliza ndugu zangu hawajambo. Nikasema hawajambo.

Saida mwambie hivi, bila kumtisha: akienda hospitali yoyote, aseme kwa mdomo wake chochote anachokumbuka. Asitegemee sana mashine. Ni ushauri tu wa kawaida, tunawapa wote.

Kwani kuna mtu anakuja kutibiwa huku? Niambie nimpokee.

Thabiti

*

Mbamba Bay, 1 Aprili 2025

Mwanangu Thabiti,

Marahaba. Idi mubarak. Jana tulipika pilau, sahani yako nikampa Cleopa aile kwa niaba yako, naye hakukataa. Nimekufungia kalimati na usipa mkavu, ukiona kalimati zimepungua unajua wa kumwuliza.

Neno lako moja limenitua mzigo. Ulipoandika "ndiyo" nilimsomea Saida, tukalala usingizi ambao hatujalala tangu Januari. Huo ushauri wako mwingine nimeuacha. Anayejua mashine ni wewe, na wewe umesema inaonekana. Hayo mengine ni maneno ya ofisini ya kumwambia kila mtu. Halafu mtu aanze kubahatisha majina ya dawa za kizungu mbele ya daktari, ampotoshe? Afadhali anyamaze.

Hakuna anayekuja. Usiulize tena.

Nikuchekeshe. Sumaiya alirudi kituoni kuchukua vidonge vyake vya presha, vile alivyoanzishiwa na Dafrosa Jumapili ile tulipokaa wote benchini. Nesi mgeni amebonyeza, amebonyeza, anamwambia mama wewe huna presha, na Jumapili hiyo hukuja hapa. Sumaiya akatoa pakiti tupu aliyopewa na mkono wao wenyewe. Yule binti akaiangalia, akaangalia mashine, akasema mashine haidanganyi. Sumaiya karudi nyumbani bila vidonge, anasema labda kweli hakuenda, labda mimi nilikaa benchini na jini. Tulicheka mpaka tukalia. Nikamwambia nesi huyo hajui kutafuta, mwanangu akija atamfundisha.

Ila baadaye, nikiwa peke yangu nafunga duka, sikucheka. Sijui kwa nini nakuambia.

Shangazi yako

*

Mbinga, 12 Aprili 2025

Shangazi yangu Biubwa,

Shikamoo. Leo sina habari za ukungu wala za Mama Theodosia. Soma barua hii mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Nesi mgeni anajua kutafuta. Sumaiya alikwenda kituoni, na mashine haimjui, na sababu ni mimi.

Wakubwa wawili walipokuwa wanaandika kila mmoja kivyake, kumbukumbu zao zilitofautiana. Haziwezi kuchanganywa. Nilipozikutanisha, mashine iliniuliza swali moja: nimwamini nani? Ukichagua mmoja, wa pili anafutwa na kuandikwa upya kwa kumnakili wa kwanza. Nilichagua Mbinga. Sikufikiri hata kidogo, Shangazi. Nilijiambia Mbamba Bay Jumapili hakuna kitu, nikabonyeza, nikaenda kunywa chai. Nakala ya akiba huchukuliwa jioni, na jioni ile ilinakili yale yaliyobaki. Yote aliyoandika Dafrosa asubuhi ile, ya kila mtu aliyeshuka kwenye boti na kila aliyekaa benchini nanyi, hayapo hapa, hayapo huko, hayapo popote.

Ulipotaka neno moja nikakupa "ndiyo". Lilikuwa neno la mwoga. Nilimwogopa Methodi, na zaidi nilikuogopa wewe, kwa sababu uliandika kwamba ni matunda yangu.

Kwa hiyo fanya hivi, nakuomba. Kila unayemkumbuka alikuwepo Jumapili ile mwambie arudi kituoni aandikwe upya, aeleze aliumwa nini na alipewa nini. Sumaiya aende leo hiihii na pakiti yake, asikubali kurudishwa. Na wa kwanza kabisa awe Saida. Kama kuna kitu kilimtokea siku hiyo ambacho hujaniambia, na mimi naona kipo, maana nesi haketi muda mrefu na mikono inayotetemeka kwa homa tu, kisemwe kwa mdomo popote atakapokwenda. Ukurasa wake wa Jumapili ile hauna hata nukta. Atakayeufungua ataamini ni mzima asiye na mwiko wa dawa yoyote.

Jumatatu nitawaandikia wakubwa wa hospitali bila kumpitia Methodi. Wanifukuze.

Nampa Cleopa barua hii sasa hivi stendi. Nimemwapisha.

Mwanao,
Thabiti

*

Mbamba Bay, 13 Aprili 2025

Mwanangu, mpenzi wa baba yako,

Assalamu alaykum. Barua hii haiji na Cleopa. Gari lao tumesikia limeharibika tangu jana huko juu, yeye na abiria na mizigo wamekwama na fundi. Inakuja na mkono mwingine, na leo nakwambia kila kitu, maana siku ya kunyamaza imekwisha.

Saida ni mjamzito. Ulipokuwa unauliza na mimi nakutolea ukali, tumbo lilikuwa limeshatangulia mbele. Unajua mimba zake mbili za kwanza tulizitangaza, watu wakaja na pongezi na mikono ya kushikashika, na zote mbili tukazizika. Hii nilisema haitajwi. Haitajwi sokoni, haitajwi kwa wakwe, haiandikwi kwenye barua, hata kwako, mwanangu niliyekulea. Usinune. Si kwamba nakudhania jicho baya. Nilifunga mlango, na mlango ukifungwa kwa watu hauachwi wazi kwa mmoja.

Jumapili ile ya boti, homa ilikuwa ya njia ya mkojo. Dafrosa alimchoma sindano, na hapohapo Saida akaanza kuvimba midomo, koo likaziba, akawa anavuta pumzi kwa mlio. Macho yalimgeuka, Thabiti. Dafrosa alimchoma nyingine ya kumrudisha, akamsugua, akamwita jina, nami nilikuwa nimeshaanza kusoma shahada masikioni mwake. Alirudi. Dafrosa akaniambia, Mama, dawa hii asichomwe tena maisha yake yote, mara ya pili hatarudi. Jina la dawa aliniambia, halikunikaa kichwani, nilikuwa nalia. Lakini aliliandika kwenye mashine mbele ya macho yangu, kwa rangi nyekundu, akasema daktari yeyote, hapa au Mbinga, akifungua ukurasa wake jambo la kwanza kuliona ni hilo.

Ndiyo maana nilikuuliza lile neno moja. Na uliponijibu, nikakata shauri ajifungulie kwenu Mbinga, maana wanasema mtoto amekaa vibaya na huenda wakampasua. Nisingemtoa hapa bila jibu lako. Anapanda gari la mchana huu. Atakaa nyumba ya wajawazito hapohapo hospitalini, na nimemwambia avae baibui yake na asikatize mbele ya chumba chako cha mashine. Abdulazizi atamfuata wiki ijayo. Akiulizwa habari za dawa, nimemwagiza aseme wafungue mashine waangalie, basi, asibahatishe.

Barua hii ameishika yeye mwenyewe. Nimemwapisha asikupe mpaka mtoto awe mkononi. Kwa hiyo ukiwa unaisoma, ujue yote yamekwenda salama, na wewe ni mjomba. Mkumbatie mdogo wako kwa niaba yangu, na umwadhinie mtoto kama baba yake hajafika.

Nimejivunia wewe tangu ukiwa mdogo, lakini leo zaidi.

Shangazi yako,
Biubwa

*

Mbinga, 17 Aprili 2025

Shangazi,

Abdulazizi ameshakwambia kwa simu, najua. Nakuandikia yale ambayo hawakumwambia.

Asubuhi hii Nesi Mektilda wa wodi ya wazazi alikuja chumba cha mashine. Nilidhani anakuja kulalamikia mtandao. Alinipa bahasha yenye jina langu kwa mwandiko wako, akasimama hapo mlangoni. Nikaifungua nikasoma mpaka mwisho, na nilifurahi. Nilifurahi, Shangazi, wewe ulikuwa umeandika kwamba nikiisoma yote yamekwenda salama. Niliinua uso nikamwuliza amelazwa kitanda gani nikamwone.

Wamekwambia ni presha. Si presha. Kabla ya kumpasua walimchoma ile sindano ya kukinga kidonda kisioze ambayo kila anayepasuliwa huchomwa, na ndiyo dawa aliyokatazwa na Dafrosa. Daktari si mzembe. Alimwuliza kwanza, Saida akasema waangalie kwenye mashine. Akaangalia. Nimeufungua ukurasa huo mwenyewe na kuuona kama alivyouona yeye. Hauna kitu. Walimtoa mtoto, yeye hawakuweza kumrudisha.

Mtoto ni wa kike, ni mzima. Nimemwadhinia.

Ile barua yangu ya tarehe kumi na mbili bado ilikuwa kwa Cleopa, gari lao halijashuka mlima. Nimeenda kuichukua kwake nikiwa na hii mfukoni, haijamalizika. Sikubadilisha neno. Methodi nimemwachia barua mezani, na ile niliyoahidi Jumatatu nimeipeleka kwa wakubwa wake.

Tunaondoka adhuhuri na gari la hospitali, mimi na Saida, na Nesi Mektilda amempakata mtoto. Tutazika leo kabla ya magharibi. Nikifika sitaingia ndani. Nitakupa barua zote mbili mkononi, ile kwanza na hii baadaye, halafu nitakaa kibarazani. Ukimaliza kusoma, uniite au usiniite.

Thabiti